UZI: Kutembelea makanisa ya kale ya vijijini Uingereza, mambo ya kujua kabla ya kushika kitasa

#1 Mkongojo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila majira ya joto yakikaribia, maswali ya wenzetu walioko Uingereza na wanaokuja kutembea huwa yaleyale. Nikipita kijijini nikaona kanisa la mawe lenye mnara, naruhusiwa kuingia? Ufunguo yuko nao nani? Ndani nitazame nini? Naweka hapa ya msingi, wajuzi waongezee.

Kuingia unaruhusiwa. Kanisa la Uingereza lina majengo kama 16,000 ya ibada, na zaidi ya 12,000 kati yake yamo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa kisheria. Mengi ya vijijini huachwa wazi mchana, kuanzia saa tatu au nne asubuhi hadi jioni, bila mlinzi wala kiingilio. Unasukuma mlango unaingia.

Kuyapata ni rahisi ukiwa na ramani ya Ordnance Survey, ya 1:25,000 au ya 1:50,000. Kanisa huonyeshwa kwa msalaba. Msalaba juu ya mraba mweusi ni kanisa lenye mnara wa kawaida, juu ya duara jeusi ni lenye mnara uliochongoka, na msalaba mtupu ni lisilo na mnara. Alama hiyo haikwambii umri, kwa hiyo usisafiri km 40 kwa kuangalia ramani peke yake. Fungua tovuti ya A Church Near You uone ratiba ya ibada na namba za mawasiliano. Hilo la ratiba lina uzito, kwa sababu siku hizi kasisi mmoja huhudumia parishi nne, tano au zaidi, na kanisa dogo linaweza kuwa na ibada moja au mbili tu kwa mwezi.

Kabla ya kushika kitasa, zunguka jengo lote kwa nje. Karibu yote yamelala mashariki kwa magharibi: madhabahu mashariki, mnara magharibi, mlango wa watu mara nyingi kusini. Tazama kuta mbili zinapokutana. Ukiona mshono ulionyooka wima, mawe ya upande huu hayakufumwa na ya upande ule, jua sehemu moja iliongezwa baadaye. Halafu simama upande wa mashariki wa mnara uinue macho juu ya paa. Mara nyingi kuna alama ya pembetatu ya mawe yaliyotokeza ukutani. Hapo ndipo paa la zamani lilipogusa mnara, paa la mteremko mkali. Karne ya 15 vijiji vingi vilivyokuwa na fedha ya sufu vilipandisha kuta, vikatoboa safu ya madirisha juu ya matao, vikaweka paa la risasi (ile metali, si ya bunduki) lililolala. Risasi ni nzito na laini. Ukiipandisha kwenye mteremko mkali huteleza yenyewe taratibu mpaka inachanika.

Madirisha ndiyo yanayokupa tarehe kwa haraka. Kabla ya 1066 ni vidirisha vidogo, vingine vyenye kichwa cha pembetatu, na kwenye pembe za jengo mawe marefu yaliyosimama hupokezana na mawe yaliyolala. Mnara wa Earls Barton, Northamptonshire, ni mfano safi. Kuanzia 1066 hadi kama 1190 ni matao ya nusu duara yenye nakshi ya misumeno na nguzo nene za mviringo. Kisha yanakuja madirisha membamba yaliyochongoka, hadi kama 1280. Baada ya hapo dirisha linapanuka, na mawe ya juu yanapindapinda mithili ya ndimi za moto, hadi ulipokuja ule msiba wa tauni ya 1348 na 1349. Kuanzia hapo hadi miaka ya 1530 vigawanyo vya mawe vinapanda wima hadi juu kabisa, tao linabonyea, na ukuta unakuwa kioo zaidi kuliko jiwe.

Mtego upo: dirisha linaweza kuwa jipya kwa miaka 300 kuliko ukuta uliolibeba. Tazama ukuta kwanza.

#2 Dada_Kisutu

Shukrani mkuu. Maswali mawili. Mlango ukigoma nitajuaje kama umefungwa kweli? Na sisi Waislamu tukitaka kuingia kutazama tu, kuna utaratibu wowote?

#3 Mkongojo

Karibu dada. Kwa la pili, hakuna utaratibu wowote wa dini. Viatu havivuliwi, huulizwi imani yako, huhitaji kupiga goti. Wanaume huvua kofia kwa heshima ya desturi, lakini kofia ya ibada au hijabu haimsumbui mtu. Mkikuta mazishi, ndoa au ibada inaendelea, subirini nje au rudini baadaye.

La mlango: kitasa cha kale ni pete kubwa ya chuma. Pete huinua komeo la ndani. Izungushe kulia mpaka mwisho, halafu sukuma. Ikikataa, izungushe kushoto usukume tena. Milango mingine mbao zimevimba kwa unyevu, inahitaji kusukumwa kidogo kwa goti upande wa chini huku pete umeishikilia. Watu wengi hugeuka na kuondoka kwenye mlango ambao haukuwa umefungwa. Ukiona tundu la ufunguo na mlango hautikisiki hata kidogo, umefungwa. Tafuta karatasi kwenye ubao wa matangazo ndani ya kibaraza, huandikwa jina la nyumba au namba ya simu ya mwenye ufunguo. Ufunguo ni wa chuma, mrefu kama kiganja, na uurudishe kwa mkono uleule ulioutoa.

Angalia vizuri chini unapoingia. Kwa karne nyingi makaburi yamepandisha udongo wa nje, kwa hiyo mara nyingi kuna ngazi moja hadi tatu za kushuka mara tu baada ya kizingiti, na macho yako yametoka juani. Na kama kibaraza kina kijimlango cha wavu, kifunge nyuma yako unapoingia na unapotoka. Mbayuwayu hupenda kujenga humo. Wakiingia ndani hawaoni njia ya kutokea na hufa kwa kiu madirishani.

#4 FundiChokaa

Mkongojo umeanza vizuri. Niongeze kuhusu mawe, maana ndiyo yanayotofautisha mkoa na mkoa.

Zamani kusafirisha mawe kwa mkokoteni kulikuwa ghali, hivyo kanisa lilijengwa kwa kilichokuwepo chini ya miguu. Cotswolds wana mawe ya chokaa ya rangi ya asali, yanachongeka vizuri, ndiyo maana nakshi zao zinapendeza. Norfolk na Suffolk hawana jiwe la kuchonga, wana gumegume tu, vijiwe vigumu vya mviringo vya mashambani. Gumegume halitoi pembe. Hiyo ni sababu moja inayotajwa sana ya minara ya mviringo: England nzima ina kama 180, na mingi iko Norfolk. Kuanzia karne ya 14 mafundi wa huko walilipasua gumegume, wakatoa uso mweusi unaong'aa na kuupanga ndani ya fremu za jiwe jeupe lililoagizwa. Sogea karibu na ukuta wa namna hiyo utaona kila jiwe limegongwa mpaka likawa mraba, na nafasi kati ya jiwe na jiwe haipitishi hata ncha ya kisu.

Sasa uharibifu. Ukikuta jiwe limebonyea kuliko mistari ya udongo inayolizunguka, mistari imetokeza kama fremu, hapo palizibwa kwa saruji. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa, na chokaa hupitisha unyevu: mvua inaingia, kisha inatokea kwenye viungo na kukauka. Saruji huziba njia hiyo. Maji hubaki ndani ya jiwe, baridi ya kuganda ikija yanapanuka, uso wa jiwe unabanduka kwa magamba. Jiwe linakufa, saruji inabaki. Watu wa pwani yetu waliojenga kwa matumbawe na chokaa wanalielewa jambo hili bila kuelezwa.

Kingine cha kukagua nje ni mabomba ya mvua. Ukiona mstari wa kijani ukutani nyuma ya bomba, bomba limepasuka au limeziba majani. Ni chanzo kikubwa kuliko vyote cha kuoza kwa ncha za mihimili, kwa sababu ncha ya mhimili imezama ndani ya ukuta palepale maji yanapoteremkia. Ukiona hivyo, mwachie wardeni wa kanisa (muumini anayesimamia jengo) ujumbe kwenye kitabu cha wageni. Watashukuru kweli.

Paa likiwa na rangi ya kijivu isiyong'aa yenye mikunjo mirefu, ni risasi. Likiwa la bati la chuma kisichoshika kutu, huenda risasi iliibwa. Wezi wa risasi wameumiza makanisa mengi ya vijijini, maana yako mbali na nyumba. Ukiona watu juu ya paa usiku au gari lisilo na maandishi limepakia shuka za risasi, piga 999.

#5 Juma wa Bandarini

Nimesoma kwamba makanisa mengi "ya kale" kwa kweli ni ya karne ya 19. Mtu asiye mtaalamu atajuaje? Na yana faida gani kuyatembelea kama ni hivyo?

#6 FundiChokaa

Tazama kingo. Jiwe la karne ya 14 limekula mvua miaka 650, kingo zimelainika na hakuna mawili yanayofanana. Jiwe la enzi za Malkia Victoria lina kingo kali na vipimo vilevile dirisha baada ya dirisha. Ndani, sakafu ya vigae vya rangi nyekundu, njano na nyeusi vinavyong'aa, benchi za misonobari zenye vanishi ya kahawia, na kuta zilizobanduliwa lipu mpaka mawe yakabaki uchi: hayo matatu yakiwa pamoja ni matengenezo ya karne ya 19. Hilo la lipu ndilo linaloniuma. Kuta hizi hazikujengwa zionekane mawe. Zilipakwa chokaa na kuchorwa, na walipobandua lipu michoro iliondoka nayo. William Morris na wenzake walianzisha mwaka 1877 chama cha kulinda majengo ya kale hasa kwa kupinga mtindo huo wa kurudisha jengo kwenye "usafi" wa kubuni.

#7 Kinanda

FundiChokaa, hapo sikubaliani nawe kabisa. Makanisa mengi kufikia 1840 yalikuwa yanavuja, mihimili imeoza, sehemu ya madhabahu haina paa zima. Bila fedha na nguvu za watu wa wakati ule, leo tungekuwa tunatembelea magofu. Na baadhi ya vioo na nakshi zao ni kazi ya hali ya juu. Usimfundishe mgeni kuruka kila kitu cha baada ya 1800.

#8 FundiChokaa

Kuokoa paa nakubali, Kinanda, na mafundi wao seremala walikuwa wazuri. Kubandua lipu hakukuokoa paa lolote. Anayetaka kuona kanisa ambalo karne ya 19 iliingia kwa mkono mwepesi ndani aende Whitby, St Mary's, juu ya mwamba wa bahari: vizimba vya mbao vyenye milango kila familia na chake, roshani, na mimbari ya ghorofa tatu. Au Fairfield kwenye Romney Marsh, Kent, kanisa lililo peke yake katikati ya malisho ya kondoo. Akishaona mawili hayo atajua mwenyewe kilichoondolewa kwingine.

#9 Rangi_za_Ukutani

Michoro imetajwa, nami niseme machache, maana wengi hupita bila kuiona.

Ukiingia kwa mlango wa kusini, tazama ukuta wa kaskazini ulio mbele yako. Hapo ndipo walipomchora Mtakatifu Christopher, mtu mkubwa aliyembeba mtoto Yesu begani akivuka mto. Aliwekwa mbele ya mlango ili msafiri amwone hata akichungulia tu. Kisha tazama juu ya tao linalotenganisha ukumbi na sehemu ya madhabahu: mahali pa Siku ya Hukumu, waliookoka mkono wa kuume wa Kristo, waliopotea mkono wa kushoto. Chini ya tao palisimama kiambaza cha mbao kilichochorwa watakatifu, na juu yake sanamu ya Msalaba pamoja na Mariamu na Yohana. Kuanzia 1547, chini ya Mfalme Edward VI, sanamu zikashushwa na kuta zikapakwa chokaa nyeupe. Ukiona kijimlango kidogo juu ukutani karibu na tao, kisicho na ngazi ya kukifikia, hicho kilikuwa cha kupandia juu ya kiambaza.

Kisa cha Wenhaston, Suffolk, kinaeleza kila kitu. Mwaka 1892 mafundi walitoa mbao kuukuu zilizopakwa chokaa wakazitupa makaburini. Mvua ikanyesha usiku, chokaa ikaoshwa, asubuhi Siku ya Hukumu ikajitokeza na rangi zake. Leo mbao hizo zimetundikwa ndani ya kanisa. Simama mbele yake uone katikati: kuna nafasi tatu zisizo na rangi, moja ya umbo la msalaba. Ndipo sanamu zilipokuwa zimegusa mbao kabla hazijang'olewa.

Vunjavunja ya pili ilikuja wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. William Dowsing alizunguka Suffolk na Cambridgeshire mwaka 1643 na 1644 akiharibu picha, akiandika daftari la alichovunja. Blythburgh, Suffolk, watakuambia risasi za bunduki zilizokutwa kwenye malaika wa mbao darini ni za watu wake. Ushahidi unaelekea kwingine: karne ya 18 parishi ililipia baruti ya kuwapiga ndege wa jamii ya kunguru waliojaa ndani.

Namna ya kutazama: njoo na darubini ndogo kwa ajili ya dari, na tochi. Usimulike ukuta moja kwa moja. Iweke tochi karibu na ukuta, mwanga upite ubavuni. Mikwaruzo ambayo jicho halioni itatokea na vivuli vyake: maua ya petali sita yaliyochorwa kwa bikari, meli, majina. Ashwell, Hertfordshire, ndani ya mnara, kuna maandishi ya Kilatini yaliyokwaruzwa yakitaja tauni mwaka 1350 na dhoruba ya 1361. Usiguse mchoro wala mkwaruzo. Mafuta ya kidole yanashika vumbi, na chokaa ya zamani inatoka kama unga.

Kwa vioo vya rangi, Fairford, Gloucestershire, ndiyo parishi iliyobaki na seti kamili ya enzi za kati, madirisha 28 ya mwanzoni mwa karne ya 16. Fika asubuhi jua likiwa mashariki. Alasiri nenda upande wa magharibi, kwenye Hukumu.

#10 Bi_Kengele

Naomba mnisikilize kwa hili kwa sababu ni la usalama. Ukiingia chini ya mnara ukakuta kamba zinaning'inia zikiwa na kipande kinene cha sufu ya rangi, USIVUTE. Hata kidogo, hata kwa picha, na watoto wasogezwe mbali.

Kengele za England zimefungwa kwenye gurudumu na huzunguka duara zima. Wakati mwingine huachwa zimesimama juu chini, mdomo ukitazama mbinguni, zimezuiwa na kipande kimoja tu cha mbao. Kengele ya kijijini ina uzito wa mamia ya kilo, nyingine hupita tani. Ukivuta kamba, kengele inapinduka na kushuka. Ikirudi juu inaichukua kamba kwa nguvu, na aliyeishika huinuliwa hewani. Watu wamevunjika mifupa na wamekufa kwa njia hiyo. Kwa kawaida wapigaji hufunga kamba juu, lakini usitegemee.

Anayetaka kusikia vizuri aje jioni ya mazoezi, wengi huanza saa moja na nusu usiku siku moja ya katikati ya wiki. Ubao wa matangazo utakwambia. Hawapigi wimbo. Hupiga mpangilio, kila mzunguko mfuatano ubadilike na usirudiwe. Kengele 6 zina mifuatano 720, karibu nusu saa. Kengele 7 zina 5,040, kama saa tatu bila kupumzika. Bisha hodi, muulize mkuu wa mnara kama mgeni anaweza kukaa kutazama. Karibu daima hukubali, ila ukae kitini na miguu yote miwili chini, usivuke kamba.

Kupanda mnara ni pale palipoandikwa kwamba panaruhusiwa. Ranworth, Norfolk, kuna ngazi za mawe 89 zisizolingana, kisha ngazi mbili za mbao na kifuniko cha kusukuma kwa kichwa, halafu unaona mabwawa na mito yote ya Broads. Ngazi ni ya mtu mmoja, piga kelele "anapanda!" kabla hujaanza, begi la mgongoni liache chini. Na usitoke Ranworth bila kutazama kiambaza chake cha karne ya 15.

#11 Nyaraka

Wapo wanaokwenda kutafuta majina. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parishi iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Sanduku kubwa la mbao lenye kufuli tatu mtakaloliona pembeni lilikuwa la vitabu hivyo: kwa kanuni za 1603, ufunguo mmoja kwa kasisi na mmoja kwa kila wardeni, pasiwe na anayefungua peke yake. Leo sanduku ni tupu. Vitabu vya zamani viko kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, kwa hiyo usimsumbue wardeni. Ndoa zina fomu maalumu tangu 1754, ubatizo na mazishi tangu 1813. Kabla ya hapo ni mistari ya mkono, mingine ya Kilatini.

Kuna kona moja ambayo inatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili, na sijaona ikitajwa. Nendeni Lincolnshire, tambarare iliyo kati ya Skegness na vilima. William Tozer alikuwa kasisi wa Burgh le Marsh kabla ya kuwekwa wakfu askofu mwaka 1863. Ndiye aliyeihamishia misheni yake Unguja mwaka 1864. Rafiki yake Edward Steere alikuwa kasisi wa Little Steeping, kijiji kidogo karibu na Spilsby. Huyu ndiye Steere wa sarufi na tafsiri za Kiswahili, aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na amezikwa nyuma ya madhabahu yake baada ya kufariki mwaka 1882. Aliyeingia Mkunazini aende pia Little Steeping, asimame katika kanisa dogo ambalo mtu huyo aliliacha. Kanisa la Burgh ni kubwa, la karne za mwisho za enzi za kati. La Little Steeping ni la jiwe la kijani la eneo lile.

Mwingine wa kumzuru ni kijana aliyeitwa Scipio Africanus, mtumishi mweusi aliyefariki Desemba 1720 akiwa na miaka 18. Kaburi lake liko nje ya St Mary's, Henbury, pembeni mwa Bristol, jiwe la kichwani na la miguuni yamechorwa vichwa vya malaika weusi. Watu wachache sana wa hali yake waliwekewa jiwe.

#12 FundiChokaa

Nyaraka, hiyo ya Lincolnshire ni hazina. Jiwe hilo la kijani ni la mchanga laini. Mtaona limeliwa vibaya na kuzibwa matofali hapa na pale. Msiegemee wala kukwaruza, chembe zinatoka kwa kidole.

#13 Dada_Kisutu

Je, kunakili mabamba ya shaba ya sakafuni kwa karatasi na nta bado kunaruhusiwa? Na yale mawe ya makaburi?

#14 Rangi_za_Ukutani

Mabamba: omba ruhusa kwa kasisi au wardeni mapema, mara nyingi kuna ada, na mabamba ya zamani sana hukataliwa. Ukipewa, futa mchanga kwa brashi laini kwanza, maana chembe moja chini ya karatasi itachora shaba. Bandika karatasi kwa utepe juu ya jiwe, mbali na bamba. Zulia ulilolikunja ulirudishe kama lilivyokuwa. Ukikuta madoa meupe kwenye shaba, ni mkojo wa popo. Popo wanalindwa na sheria ya 1981, hawafukuzwi ovyo. Ndiyo sababu mabamba mengine hufunikwa.

Mawe ya makaburi acha kabisa. Mengi uso wake umeachana na mwili, ukisugua unabanduka. Usimwage maji wala chaki, na ukoga wa rangi usiukwangue, mwingine una umri kama jiwe lenyewe. Kusoma herufi zilizofifia, piga picha jua likiwa ubavuni, au mwenzako ashike kioo arudishe mwanga pembeni.

#15 Mkongojo

Nimalizie ya kawaida yaliyoulizwa faraghani.

Choo: mengi hayana. Panga kwenye baa ya kijiji au mji wa karibu. Baridi: ukuta wa sm 90 hautoi joto hata Julai, chukua sweta. Taa: swichi huwa nyuma ya mlango au chini ya mnara, nyingine ni kitufe cha dakika chache. Ukiwasha, uzime. Kiti cha magurudumu: piga simu kwanza, kwa sababu ya zile ngazi za kushuka, mara nyingi kuna mlango wa pili usio na ngazi ila hufungwa. Mti mkubwa wenye giza makaburini ni yuu. Majani na mbegu ni sumu, watoto wasiweke mdomoni. Picha ni ruhusa kwa matumizi yako. Za biashara uliza.

Sadaka: parishi yenyewe ndiyo inayolipa umeme, bima na paa, serikali haitoi fungu la kawaida la matunzo. Kuna kisanduku cha chuma ukutani au mashine ya kadi. Pauni 3 hadi 5 kwa mtu ni heshima. Unayelipa kodi Uingereza, tumia bahasha ya Gift Aid uandike jina na anwani, kanisa litadai peni 25 zaidi kwa kila pauni. Ukinunua kadi au jamu mezani, weka bei kamili, hakuna anayekuangalia.

Ukihudhuria ibada, mgeni aliyebatizwa na anayeshiriki meza ya Bwana katika kanisa lake anakaribishwa kushiriki. Asiyetaka asogee na wengine, akunje mikono kifuani, atabarikiwa.

Makanisa yaliyofungwa kwa ibada za kila wiki yasiwatishe. Churches Conservation Trust inatunza zaidi ya 350, mengi yako wazi kila siku, na baadhi unaweza kulipia ukalala ndani usiku.

#16 Juma wa Bandarini

Mkuu, mtu asiye na gari anayetaka ile njia ya Tozer na Steere apangeje siku moja?

#17 Nyaraka

Panda treni hadi Skegness kupitia Boston. Kutoka hapo kuna basi la kuelekea Spilsby na Lincoln linalopita Burgh le Marsh, kama km 8. Nenda siku ya kazi au Jumamosi. Jumapili mabasi ya vijijini ni haba au hakuna. Anza Burgh asubuhi, toa saa nzima. Endelea na basi hadi Spilsby, kisha Little Steeping ni kama km 5 kusini mashariki kwa miguu au teksi. Njia za miguu zimechorwa kwa vistari vya kijani kwenye ramani ya 1:25,000; baada ya mvua udongo wa huko unanata, vaa buti. Piga simu siku mbili kabla kuhusu ufunguo wa Little Steeping, usitegemee kuukuta wazi. Jumamosi ya pili ya Septemba kuna Ride+Stride, siku ya baiskeli na matembezi ya kuchangia makanisa, na mengi ambayo hufungwa hufunguliwa. Andika muda wa basi la mwisho kutoka Spilsby kabla hujashuka.